Madigadi ya Kushoto

Mwaka 2021, nikiwa na umri wa miaka 71, nilinunua lori bovu. Mama watoto aliniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa, nami sikuwa na jibu la haraka. Lori lenyewe ni Bedford, lile la pua ndefu, ambalo vijana wa leo hawalijui, lakini wazee wa Korogwe na Lushoto wakisikia mlio wake hata usingizini watakuambia limeingizwa gia ya ngapi. Lilikuwa mali ya shule ya sekondari niliyokabidhiwa kuiongoza mwaka 1982, huko milimani Usambara. Shule ililiuza kwa mnada mwaka 1998. Likapita mikononi mwa wauza matofali na wachuuzi wa kuni, na mwishowe likapandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mtu huko Korogwe, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Nililipata kwa bei ya chuma chakavu.

Watu wakiniuliza, huwaambia kwamba mstaafu lazima awe na shughuli, la sivyo atazeeka kabla ya siku zake. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya madigadi ya mbele, upande wa kushoto, na hiyo ndiyo iliyonifanya niketi kuandika.

Bedford ni jina la malori yaliyoundwa na kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, kuanzia mwaka 1931. Aina yetu ilianza kuuzwa mwaka 1958, na nchi zetu ziliipokea kwa mikono miwili kwa kuwa fundi yeyote mwenye spana na nyundo aliweza kuishughulikia chini ya mwembe. La kwetu lilikuwa la mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Kiwanda cha malori hayo kule Dunstable kiliuzwa mwaka 1987, na tangu hapo kila Bedford unayoiona barabarani inaishi kwa vipuri vya marehemu wenzake.

Fundi niliyempata ni kijana wa Tanga mjini, mwenye gereji ya uchochoroni Ngamiani. Huniita Mwalimu ingawa sikupata kumfundisha. Siku ya kwanza alilizunguka lori akiligonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua dafu. Bati hulia, puti haina sauti, inajibu kama ukuta wa udongo. Alipofika kwenye madigadi ya kushoto akagonga mara tatu, akanitazama.

“Mwalimu, hapa hakuna bati la kusema bati. Hii ni faiba, tena ya zamani.”

Nikamwambia najua. Nilikuwepo ilipowekwa, mwaka 1984.

Akanipa kazi ya kupiga msasa, nadhani kwa kudhani kwamba mzee atachoka kwa siku mbili aende zake. Sikuchoka. Nilikuwa nimekwisha kusahihisha madaftari kwa miaka 37, na kusugua faiba ni kazi ya namna ile ile: unarudia jambo moja mara elfu, na ukiacha kuwa mwangalifu kwenye lile la mia tisa, umeharibu yote.

Kwanza nieleze neno hili msasa, kwa sababu lugha yetu imehifadhi humo historia ambayo watu hupita juu yake kila siku. Msasa kwanza ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na wachonga milango na mafundi seremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Ngozi ya papa nayo ilifanya kazi hiyo. Karatasi yenye mchanga ilipokuja katika meli, watu hawakuhangaika kuitafutia jina jipya wala kuazima la wenyewe. Waliitazama, wakaipapasa, wakaiita kwa jina la mti wao. Nimefundisha Kiswahili na Historia maisha yangu yote, na nakiri kwamba sikuwahi kuutaja mti huo darasani hata siku moja. Nilikuwa nafundisha Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza.

Huko kwa wenyewe, John Oakey alianza kutengeneza karatasi ya ungaunga wa kioo mjini London mwaka 1833. Mwaka 1893 Mmarekani Edward Acheson alipewa hataza ya punje ngumu alizozipata katika tanuri la umeme alipokuwa akitafuta almasi ya kutengeneza. Zile punje nyeusi zinazong'aa kwenye msasa wa gereji ndizo hizo. Lakini msasa wote wa zamani ulikuwa na ila moja. Punje zilishikwa na gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo ikiguswa na maji huyeyuka kama uji. Kwa hiyo mafundi walisugua pakavu. Rangi za magari za zama zile zilikuwa na madini ya risasi, na fundi alivuta vumbi lake kutwa nzima, akarudi nalo nyumbani katika nguo zake. Mwaka 1921 ndipo kampuni ya 3M ilipoanza kuuza msasa uliobuniwa na Francis Okie, usioogopa maji, ambao ukiutumia umelowa vumbi linageuka tope na kutiririka chini. Kila fundi anayesugua gari leo akiwa na ndoo pembeni anamfuata Okie bila kumjua.

Kijana wangu alikuwa na sheria zake, naye alinifundisha bila kunionea aibu. Namba ya msasa ikiwa ndogo, punje ni kubwa. Faiba ghafi huanzwa na namba 40, ambayo ni kama kuipiga tupa, kwa sababu uso wa resini iliyokauka una utelezi, wakati mwingine una nta, na puti haishiki juu ya utelezi. Halafu namba 80. Hapo ndipo puti inapakwa, nayo ikikauka inarudiwa kwa 80 na 120, kisha 180, kisha 240. Msasa wa maji, namba 400, unangoja mpaka praima iwe imewekwa, maana puti hunywa maji kama mkate, na maji hayo yatafika kwenye bati na kuanza kulila kwa siri. Nilimwuliza kwa nini asiruke namba mbili tatu kuokoa muda. Akaniambia kila msasa unafuta mikwaruzo ya ule uliotangulia tu. Ukiruka, mikwaruzo ya namba 40 itakuja kujitokeza juu ya rangi baada ya miezi mitatu, mteja akiwa amekwisha kulipa na kuondoka.

La pili ni kibao. Hakuniruhusu kusugua kwa vidole vitupu. Vidole ni walaghai, alisema: vikifika kwenye bonde vinaingia bondeni, vikifika kwenye kilima vinapanda, na mwisho unakuwa umelainisha makosa yote bila kuondoa hata moja. Msasa unazungushiwa kibao kilichonyooka, unasugua kwa mshazari, mara huku mara kule. Kisha anapuliza rangi nyeusi nyepesi juu ya sehemu yote, nyembamba kama ukungu, anasugua tena. Kwenye vilima weusi unatoka kwanza, mabondeni unabaki. Nami niliyeamini nimemaliza nikaona madigadi yangu imejaa madoadoa kama chui.

La tatu sikulitegemea. Alifumba macho. Aliweka kitambaa chembamba juu ya bodi, akapitisha kiganja polepole juu ya kitambaa. Macho, kwa mujibu wake, huona mwanga, na mwanga unaweza kukudanganya. Kiganja huona umbo.

Vumbi la faiba nalo lina mambo yake. Ni kioo. Linaingia kwenye vinyweleo vya mikono na shingo, linawasha kama upupu, na ukikimbilia maji ya moto umejimaliza. Ni maji baridi, na kutojikuna. Barakoa ni lazima. Mafundi niliowajua miaka ya themanini walijifunga leso puani, wengine hawakujifunga kitu.

Kwamba kioo kinaweza kugeuzwa uzi ni jambo lililojulikana zamani, lakini uzi wa bei nafuu ulipatikana kwa bahati. Mwaka 1932 kijana mmoja mtafiti wa Marekani, Dale Kleist, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Pumzi ya hewa yenye nguvu ikapiga kioo kilichoyeyuka, kikatawanyika kuwa nyuzi laini kama pamba. Mwaka 1938 ikaanzishwa kampuni ya Owens-Corning kuzitengeneza. Nyuzi hizo zikaoanishwa na resini inayotokana na mafuta ya petroli, na Vita Kuu ya Pili ikaipa ndoa hiyo kazi katika ndege na vyombo vya majini. Mwaka 1953 Chevrolet ikatoa gari la Corvette lenye bodi nzima ya faiba. Mwaka huo yaliundwa 300 tu, kwa mikono. Kabla ya hapo bonde kwenye bodi ya gari lilijazwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati nyeupe, uliolainishwa kwa moto na kusambazwa kwa kibao cha mti, kazi ya mtu mwenye mkono uliotulia. Resini na puti zilimwezesha kila mtu. Ndiyo maana magari yaliyoshindikana yakaendelea kutembea, hasa kwetu.

Na sasa nifike mwaka 1984.

Aliyekuwa mtu mzima wakati ule hahitaji kuelezwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka Novemba 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula malori na fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda. Sabuni, sukari, betri, matairi, vyote vilitoka kwa kibali, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakatupa magunia ya bidhaa maporini usiku. Mkuu wa shule wa wakati ule hakuwa mwalimu. Alikuwa mtafuta mafuta ya taa. Nilihitimu chuo cha ualimu mwaka 1973. Chuoni tulifundishwa kuandaa somo, saikolojia ya mtoto, hata namna ya kushika chaki. Hatukufundishwa namna ya kukaa kikao cha nidhamu juu ya mtu mwenye umri wa kuwa baba yako.

Dereva wetu alikuwa mtu wa namna hiyo. Alijifunza udereva katika mashamba ya katani kabla ya Uhuru. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita Mkuu, na nadhani kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa dhati. Mwishoni mwa mwaka 1983 aliniletea taarifa kwamba mkono unaoshikilia madigadi ya kushoto umekatika kwa mitikisiko. Alitaka madigadi nyingine, na kama haipo, basi kipande cha chuma kichomelewe vizuri. Madigadi nyingine haikuwepo Tanga nzima. Fundi wa kuchomelea alikosa vijiti vya kuchomelea. Nikaidhinisha ibandikwe kwa shaba, kazi ya muda, na hati ya malipo nikaisaini mwenyewe. Mzee akasema, “Mkuu, shaba hii haitavumilia kona za Soni.” Nikamwambia avumilie yeye.

Mwezi Mei 1984, nchi ikiwa bado inamlilia Waziri Mkuu Edward Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili, lori letu lilikuwa likiteremka kwenda Mombo na wanafunzi 11 nyuma, wanakwenda likizo. Barabara ilikuwa imelowa. Kwenye kona moja chini ya Soni lori likaacha barabara, likagonga ukuta wa mwamba kwa upande wa kushoto. Lingekwenda kulia, nisingekuwa naandika habari za msasa. Mwanafunzi mmoja alivunjika mguu. Nilifika saa mbili baadaye kwa gari la misheni, nikamkuta Mzee amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi. Maneno yake nayakumbuka yote: “Mkuu, madigadi imeniangukia gurudumu kwenye kona. Usukani ukagoma. Nimeuvuta, umegoma.”

Madigadi ilikuwa imekatika, ndiyo, pale pale kwenye shaba. Ilifunguliwa mbele ya macho yangu, ikatupwa bodini, na lori likavutwa kupelekwa shuleni.

Polisi hawakumfungulia mashitaka. Sisi tulikuwa na kesi yetu. Tulikaa watatu, mimi mwenyekiti, na swali likawa moja tu: madigadi ilikatika kwanza, ndipo lori likagonga, au lori liligonga kwanza, ndipo madigadi ikakatika? Darasani hilo ni swali la mwanzo kabisa la mwanahistoria, lipi lilitangulia. Pale kikaoni niligundua kwamba likibaki bila jibu linanifaa. Msomaji asije akafikiri nilisahau ile hati ya malipo. Niliikumbuka muda wote wa kikao. Nilikuwa na umri wa miaka 34, shule yangu ya kwanza, na nilijua ofisi ya elimu ya mkoa itauliza ni nani aliyewapandisha watoto kwenye lori lililobandikwa kwa shaba. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba dereva aliendesha kwa mwendo usiolingana na hali ya barabara, na kwamba kukatika kwa madigadi huenda kulitokana na ajali yenyewe. Neno huenda ni neno zuri sana. Lilipita kila ofisi bila kukwama.

Mzee aliachishwa kazi bila kiinua mgongo. Alirudi kulima kabichi kwao. Alifariki mwaka 2003, nami nilikwenda mazikoni nikakaa na wanaume wengine, nikala, nikaondoka.

Lori likahitaji kutengenezwa. Fundi mmoja wa boti mjini Tanga alikuwa na salio la resini kwenye pipa na vipande vya mkeka wa nyuzi za kioo, akakubali kuja. Mkeka haukutosha. Alizungukazunguka gereji ya shule, akaona fungu la katani lililokuwa likitumika kufungia magunia, akalichambua na kulichanganya humo humo. Nilimcheka, lakini nilipofikiri baadaye niliona hakuna la kucheka. Katani ililetwa kwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 ikitokea Florida, na 62 tu ikafika hai. Kutokana na hiyo 62 Tanga nzima ikajaa makonge, mpaka mwaka 1964 tukavuna tani zipatazo 230,000. Kisha nyuzi za plastiki, watoto wa petroli, zikaiua bei, na mwaka ule wa 1984 mavuno hayakufika hata robo ya hayo. Na hapa fundi wa boti, kwa kukosa uzi wa viwanda vya kigeni, anairudisha katani kazini ndani ya resini ya petroli. Wachumi wanalo jina la jambo hilo. Yeye aliita kubahatisha.

Alipaka nje na ndani ya madigadi, ndani ili kuitia nguvu. Hadina ilikuwa chache na masika yalikuwa yamepamba moto, hivyo ilikaa siku tatu ikinata. Alikuwa na karatasi moja ya msasa. Moja. Aliitumia upande wa nje mpaka ikabaki karatasi tupu. Upande wa ndani hakuusugua kabisa. Alipangusa kwa kitambaa, akapaka juu yake. Nilisimama pale. Nilimwona.

Basi turudi gereji ya Ngamiani, mwaka 2021, wiki ya tatu ya kusugua. Upande wa nje ulikuwa umekwisha kunyooka, nami nilikuwa na majivuno yangu. Kijana akainama chini ya madigadi, akagonga kwa ndani, hakuipenda sauti. Akachomeka bisibisi kwenye ukingo, akaipinda kidogo, na gamba lote la ndani likabanduka kwa mlio kama wa kifuu kinachotoka kwenye nazi kavu. Lilitoka zima, refu kama mkono wangu, nyuzi za katani zikichungulia ukingoni.

“Huyu aliyepaka hakupiga msasa,” kijana akasema, kwa dharau ya kifundi. “Faiba haikushika hata siku moja. Ilikuwa imeegemea tu.”

Mimi nilikuwa nikitazama bati. Lilikuwa limefunikwa miaka 37, halikuona hewa wala mvua, halikushika kutu ila pembeni. Palikuwa na mistari. Mistari mirefu iliyopinda, sambamba, mmoja kando ya mwingine, kama mistari ya sahani ya santuri, na kati yake utepe mweusi uliogandia kwenye chuma. Nikaukwangua kwa ukucha. Ilikuwa raba. Raba iliyoyeyuka.

Nilimwuliza kijana ni nini kinachoweza kuchora vile. Hakuhitaji kufikiri. “Tairi, Mwalimu. Madigadi imekaa juu ya tairi, na tairi linazunguka. Tena linazunguka sana. Hii si mita moja wala mbili.”

Nilikaa juu ya ndoo. Nilitafuta upenyo, maana mtu aliyezoea upenyo haachi kuutafuta. Labda ilikwaruzwa wakati lori linavutwa? Madigadi ilifunguliwa pale pale kwenye mwamba, mbele yangu, kabla ya kuvutwa. Labda baadaye? Baadaye kulikuwa na faiba juu yake. Na baada ya kugonga ule mwamba gurudumu halikuzunguka tena. Mistari ile ilichorwa kabla ya mwamba, kwenye kona, wakati mzee wa miaka zaidi ya hamsini akivuta usukani uliogoma, watoto 11 nyuma yake. Na kama fundi wa boti angekuwa na karatasi mbili za msasa badala ya moja, angeifuta yote kwa nusu saa, kwa sababu ndivyo kazi nzuri inavyofanywa.

Kijana alikuwa amekwisha kushika namba 40 mkononi. Akaniuliza asugue bati apake upya. Nilimwambia asubiri. Alisubiri siku tisa, na alinidai gharama ya nafasi.

Nilichukua gamba lile, maana utepe wa raba ulikuwa umeacha alama yake kwenye resini pia, kama mhuri kwenye nta, nikalifunga kwenye kanga na kupanda basi mpaka Soni. Mjane wa Mzee yu hai, ana miaka zaidi ya themanini, anaona kwa shida kidogo. Tulisalimiana kwa kirefu. Nilipomaliza kueleza nilimwekea gamba mapajani. Alilipapasa kwa kiganja, polepole, akafuata mistari kwa kidole mpaka mwisho wake.

“Mwalimu,” akasema, “si alikuambia siku ile ile?”

“Aliniambia, Mama.”

“Na mwaka ule alisema shaba haitavumilia.”

“Alisema.”

Tulikaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza kama ile barua ya kwanza niliiandika kwenye karatasi. Nikasema ndiyo. Akasema basi na hii niiandike kwenye karatasi. Nilimweleza kwamba sina cheo tena, sina mhuri, na fedha zile haziwezi kurudi kwa barua ya mstaafu. Akasema hajauliza habari za fedha. Akamwita mjukuu wake wa Kidato cha Pili alete daftari.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu, nikataja hati ya malipo, kikao, na jina langu. Mjukuu akamsomea kwa sauti. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kijana alipofika mahali nilipoandika kwamba huenda madigadi ilikuwa imekwisha kukatika kabla ya lori kugonga, bibi akainua mkono.

“Hapo rudia.”

Akarudia.

“Hilo neno la mwanzo, Mwalimu, litoe.”

Nikalikata kwa kalamu, nikasaini pembeni kama tulivyofundishwa kufanya kwenye hati, na mjukuu akaendelea kusoma.